Doti Isiyo na Jina: Jinsi Lubaina Himid Alivyoichora Zanzibar Asiyoikumbuka

Lubaina Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954. Baba yake alikuwa Mwafrika mwenye asili ya Komoro, mama yake Mwingereza, mbunifu wa nakshi za vitambaa. Mtoto alipokuwa na miezi minne baba alifariki kwa malaria, na mama akambeba binti yake wakarudi Uingereza. Lubaina akakulia London. Zanzibar aliiona tena akiwa mtu mzima, umri umeshavuka arobaini.

Mtoto wa miezi minne hakumbuki kitu. Hakumbuki sauti ya baba wala sura yake, hakumbuki nyumba, hakumbuki hata bahari. Basi mwaka 1999, mchoraji huyu alipotoa mfululizo wa picha na kuuita "Zanzibar", alikuwa anachora nini hasa?

Wachambuzi wengi wa Ulaya hujibu kwamba anachora hamu ya asili yake, kiu ya mtu aliye ughaibuni. Si uongo, ila jibu hilo linamfaa kila mhamiaji na kwa hiyo halimwelezi yeyote. Mimi naona alichora kumbukumbu ya mtu mwingine. Mwenye kumbukumbu ni mama. Mjane aliyepanda meli au ndege na kichanga mkononi ndiye aliyeijua Zanzibar, na binti aliipokea kwake kwa masimulizi, kwa ukimya, na zaidi ya yote kwa vitambaa. Tunapozungumzia umama katika kazi za Himid tusitafute picha ya mama anayenyonyesha. Umama umo katika namna mahali palivyofika kwa mtoto.

Tuanze na huyo mama. Kazi yake ilikuwa kubuni nakshi, na watu wa kazi hiyo wana jicho la peke yao: kabla ya kuona ua wanaona linavyojirudia, na kabla ya kuona gauni wanaona mstari ulivyokatwa kwenye mshono. Himid ameeleza kwamba utotoni alizunguka na mama yake madukani na kwenye makumbusho wakitazama vitambaa na vitu vizuri. Huo ndio urithi. Baba hakuacha chochote ambacho mtoto angeweza kukishika kwa akili yake, lakini mama alimwachia namna ya kutazama. Ajabu ya kisa hiki ni kwamba namna hiyo ya kutazama, iliyotoka upande wa Uingereza, ndiyo hasa inayohitajika kuitambua Zanzibar, kwa sababu visiwani nguo ni nusu ya mazungumzo.

Na Zanzibar ya 1954 haikuwa mahali ambapo mchanganyiko wa damu ulikuwa kioja. Wangazija, Wahadhrami, Wahindi, Washirazi na watu wa bara walikuwa wameoana na kuzaliana kwa vizazi. Kioja kilikuwa ni serikali ya ulinzi ya Waingereza, iliyokuwapo tangu 1890, kutaka kila mtu awe na kisanduku chake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili hata mgao wa chakula ulifuata kundi la asili, huyu apate mchele na yule apate kingine. Mwanamke mzungu kuolewa na mtu mweusi ndani ya mfumo huo kulikuwa jambo la kugeuza shingo mitaani. Miaka kumi baadaye, Januari 1964, suala la nani ni nani visiwani likamwaga damu. Wakati huo Lubaina alikuwa mtoto wa shule London, chotara katika nchi ambayo ilikuwa na visanduku vyake yenyewe.

Alisomea usanifu wa jukwaa la tamthilia katika chuo cha sanaa cha Wimbledon, akamaliza 1976. Jambo hili huchukuliwa kama hatua ya pembeni, nami naona ni ufunguo. Mbunifu wa jukwaa hutengeneza nyumba ambayo hakuna aliyeishi ndani yake, kisha anamfanya mtazamaji aamini kwamba mtu ametoka mlangoni sasa hivi. Kwa mtu aliyepoteza nyumba asiyoikumbuka, ni ufundi gani mwingine ungemfaa zaidi? Miaka ya 1980 aliitumia kuwatafutia nafasi wasanii wanawake weusi na wenye asili ya Asia. Maonyesho maarufu zaidi kati ya aliyoyaandaa ni "The Thin Black Line" ya mwaka 1985 katika Taasisi ya Sanaa za Kisasa, London, ambako kazi zilitundikwa kwenye korido. Wenye nyumba walikuwa na kumbi, wageni wakapewa ujia.

Kabla ya kufika kwenye "Zanzibar" yenyewe, picha moja inastahili kutazamwa kwa utulivu. Inaitwa "Between the Two My Heart is Balanced", ya mwaka 1991, na iko katika hazina ya Tate, makumbusho ya sanaa ya Uingereza. Jina lake linasema moyo umesimama katikati ya wawili, bila kuelemea upande. Himid aliichukua picha ya karne ya 19 ya Mfaransa James Tissot, ambamo askari wa Uskoti ameketi ndani ya mashua na mwanamke kila upande, bwana akifurahia tabu yake ya kuchagua. Himid alibakiza mashua na wanawake wawili, akawafanya weusi, akawavisha nguo za nakshi nzito. Askari akamtoa kabisa. Mahali alipokaa pamejaa rundo la vipande vya rangi, nao ni ramani za baharini. Wanawake wanazichana na kuzitupa majini.

Watu huisoma picha hii kama kisasi dhidi ya mabaharia wa kikoloni, na ni kweli imo. Lakini ukiiweka karibu na maisha ya mchoraji, unaona jambo lingine. Mashua ina watu wawili wa kike na nafasi tupu katikati alipokuwa mwanamume. Wako majini, hawajafika kokote, na chombo cha kuwaonyesha njia ya kurudi wanakiharibu kwa mikono yao wenyewe. Sijui picha nyingine inayosema kwa uwazi hivi kwamba kuwa na asili mbili si kuwa na nyumba mbili. Wakati mwingine ni kuwa na mashua.

Sasa "Zanzibar". Mwishoni mwa miaka ya 1990 Himid alikwenda visiwani, mara ya kwanza tangu abebwe. Aliporudi alichora turubai kwa rangi za akriliki, akazipanga mbilimbili, jozi tisa. Mtu anayetegemea kuona Mji Mkongwe atakatishwa tamaa. Hakuna mlango wa misumari ya shaba, hakuna jahazi la kadi ya posta wala mpanda mikarafuu. Hakuna mtu hata mmoja. Kuna mistari, nakshi, vipande vya rangi vinavyokumbusha maji, mvua, madirisha ya mbao. Majina ya picha ndiyo yanayotupa kamba ya kushika: moja inasema machozi ya wanawake huijaza bahari, nyingine inaitaja bahari na mkono unaopungia kwaheri na kusalimu, nyingine inasema luva za madirisha hufanya kazi ya kulificha jua tu.

Hizo jozi zinanishughulisha. Katika maelezo ya Kizungu, picha mbili zilizofungamana hutajwa kama mtindo wa zamani wa Ulaya wa kupamba madhabahu. Mtu wa pwani hahitaji kwenda mbali hivyo. Kanga huuzwa doti, vipande viwili vinavyofanana, ukakate mwenyewe, kimoja ujifunge na kimoja ujitande. Mama wengi huzaa na kulea ndani ya doti: kipande kimoja kinamfunika yeye, kingine kinambeba mtoto mgongoni. Siwezi kuapa kwamba Himid aliwaza hivyo alipopanga turubai zake. Ila mchoraji aliyelelewa na mbunifu wa vitambaa, anayechora mahali ambapo kanga inakuja jozi, akachora jozi: kwangu ushahidi huo unatosha.

Chukua ile ya machozi. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye msiba visiwani anaujua mpangilio wake. Wanaume wako nje barazani, wanazungumza kwa sauti ya chini, mipango ya kaburi inaendelea. Ndani, chumba kimejaa wanawake juu ya mikeka, kanga vichwani, mmoja anaanza kulia na wengine wanapokea. Mjane yuko katikati yao. Sasa mjane huyo mfanye mgeni, msichana wa Kiingereza mwenye kichanga, ambaye lugha ya vilio vile haijui vizuri, na macho yake yamezoea nakshi. Atakumbuka nini miaka arobaini baadaye? Nyuso zitachanganyika. Nguo hazitachanganyika. Atakumbuka bahari ya maua na madoa na mistari ikitikisika. Nikiitazama picha ile naona chumba cha msiba kilivyoonekana kwa mtu aliyekuwa akilia, na wala si bahari ya kule forodhani.

Alikuwa na njia nyingine. Angeweza kuchukua picha ya baba ya kamera akaichora sura yake, jinsi wasanii wengi wanavyofanya wanapomtafuta mzazi. Ingekuwa rahisi, na watazamaji wangeguswa haraka. Lakini sura iliyochorwa kutoka kwenye picha ya kamera ingempa baba uso ambao binti hakuwahi kuuona ukisogea, na ingetudanganya kwamba amempata. Himid alikubali kwamba hakumpata. Uaminifu huo ndio unaozifanya picha hizi zisizeeke, ingawa ndio pia unaozifanya ziwe baridi kidogo kwa mtazamaji wa mara ya kwanza. Nimeona watu wakizipita kwenye kitabu cha picha kwa sekunde mbili, wakasimama kwenye zile za watu na mavazi. Siwalaumu.

Malaria yenyewe haionekani popote, na hapo pana jambo la kuumiza kimyakimya. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Shirika la Afya Duniani lilianza kampeni ya kutokomeza malaria Zanzibar kwa kupulizia dawa majumbani. Baba alikufa miaka michache tu kabla. Ugonjwa ulirudi baada ya kampeni kukoma mwishoni mwa miaka ya 1960, na ni katika karne hii, kwa dawa mseto, vyandarua na kupulizia tena, ndipo maambukizi visiwani yaliposhuka chini ya asilimia moja. Kifo kile kilikuwa cha kawaida kabisa kwa wakati wake, mamia ya nyumba zilikijua. Tofauti ni kwamba mjane huyu alikuwa na pasipoti ya kuondokea.

Kuna uzi mwingine, wa pamba safari hii, na hapa ndipo mchanganyiko wa asili unapoacha kuwa habari ya damu. Kwa miongo kadhaa Himid ameishi na kufundisha Preston, Lancashire, mkoa wa viwanda vya nguo vya Uingereza, na familia ya mama yake inatoka mkoa huohuo. Mwaka 2002 alitengeneza "Cotton.com", turubai ndogo nyingi za nakshi nyeusi na nyeupe, kama mazungumzo ya siri kati ya wafanyakazi wa viwanda vya Lancashire na watumwa waliochuma pamba Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata pamba hiyo na viwanda vya Lancashire vikakumbwa na njaa.

Ambacho maelezo ya kazi hii huwa hayasemi ni kwamba Zanzibar nayo ilikuwa ndani ya mkasa uleule. Tangu miaka ya 1830 meli za Salem, Massachusetts, zilileta Unguja shehena za kitambaa cheupe cha pamba, ndiyo merikani tunayoijua, na kutoka hapo kikaingia bara hadi maziwa makuu kikitumika kama fedha. Pamba ya merikani ilichumwa na watumwa. Ilinunua pembe za ndovu, na ilinunua watumwa wengine. Vita vilipozuka merikani ikaadimika, na nguo za Uingereza na Bombay zikachukua nafasi. Kisha, kuelekea mwisho wa karne, kanga ikazaliwa, na nyingi zikachapwa Ulaya, Manchester ikiwemo, kwa ajili ya wanawake wa pwani. Kwa hiyo mkoa wa mama na kisiwa cha baba vilikuwa vimeshaoana kwa kitambaa muda mrefu kabla ya wazazi wa Lubaina kukutana. Sidhani kuna mchoraji mwingine anayeweza kusimama katikati ya biashara hiyo na kusema pande zote mbili ni jamaa zake.

Sura za watu zilirudi kwa kishindo 2004 katika "Naming the Money": watu mia moja wa mbao, wa kimo cha mtu, wamekatwa na kupakwa rangi kama wahusika wa jukwaani. Ni watumwa wa majumba ya Ulaya, wapiga ngoma, washona viatu, wachora ramani, waganga wa mitishamba, wafunza mbwa. Kila mmoja ana maneno machache mgongoni yanayofuata mwendo mmoja: jina langu ni hili, wao wananiita vile, zamani nilifanya kazi hii, sasa nafanya ile, lakini nina kitu fulani changu. Ukizunguka nyuma ya sanamu kusoma ndipo unapogundua kwamba kila mtu amebeba majina mawili. Kazi hiyo sasa ni mali ya makumbusho ya Liverpool, bandari iliyotajirika kwa biashara ya watu.

Ndipo tunafika kwenye kanga zenyewe. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2010 Himid amechora mfululizo wa kanga, na mwaka 2018 jumba la BALTIC, Gateshead, lilitundika vitambaa vyake vikubwa vya mtindo huo. Zina pindo kuzunguka, mji, yaani uwanja wa nakshi, katikati, na jina, yaani mstari wa maneno, chini, kila kitu mahali pake. Maneno ni ya Kiingereza, mengi ya washairi na waandishi weusi wa Marekani.

Hapa nina nongwa kidogo. Kanga yenye jina haisemi hewani. Mwanamke akijifunga "Usisafirie nyota ya mwenzio" akapita mbele ya baraza ya jirani, kila mtu pale anajua nani amelengwa, na jirani ana haki ya kwenda dukani kununua jibu. Jina la kanga linahitaji mvaaji, mlengwa na mtaa. Ukilitundika kwenye ukuta mweupe wa jumba la sanaa, linabaki na mji na pindo lakini mtaa limepoteza. Kanga za Himid ni nzuri, rangi zake zinapiga kelele kwa furaha, ila nikizisoma nahisi zinazungumza na chumba kizima kwa pamoja, na kanga halisi haifanyi hivyo.

Hata hivyo kuna mantiki ndani yake nisiyoweza kuikwepa. Doti za 1999 hazikuwa na maneno kabisa. Kumbukumbu ilikuwa ya mama, na mama hakuwa na Kiswahili cha kumpa mtoto. Maneno yalipokuja, yalikuja katika lugha ambayo Himid aliipata kweli, kutoka kwa watu weusi waliomlea kimawazo London ya miaka ya 1980. Kuweka methali ya Kiswahili pale kungependeza wageni na kungekuwa uigizaji. Kama ni kuchagua kati ya kanga inayosema Kiingereza kwa haki na kanga inayosema Kiswahili cha kuazima, nachukua ya kwanza.

Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, alipewa 2017, akiwa na miaka 63, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata, na ilikuwa mwaka uleule waandaaji walipoondoa sharti la umri usiozidi 50 lililowekwa 1991. Novemba 2021 Tate Modern ikamfungulia maonyesho makubwa. Mwezi mmoja kabla, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar alikuwa amepata Nobeli ya fasihi, na huku kwetu mitandao ilijaa ubishi: ni wetu, si wetu, uraia wa nchi mbili uruhusiwe, usiruhusiwe. Himid hakupata hata huo ubishi. Alipita kimya, na nadhani sababu ni kwamba hatuna mazoea ya kusoma picha kama tunavyosoma hadithi, si kwamba alituhusu kidogo.

Amechaguliwa kuiwakilisha Uingereza katika Biennale ya Venice, maonyesho ya sanaa ambako nchi huwa na mabanda yao, mwaka 2026: mtoto wa nchi iliyokuwa chini ya ulinzi wa Uingereza, ndani ya banda la Uingereza. Vibandiko vya ukutani vitaandika, kama kawaida, kwamba alizaliwa Zanzibar mwaka 1954, kisha vitaruka moja kwa moja hadi London. Laiti nafasi hiyo ya koma wangempa mtu aliyekulia kwenye kanga aijaze. Angeanza kwa kuwauliza kwa nini picha zile zimekuja mbilimbili.